Ndugu yako akiambiwa figo zimefeli, nunua daftari

Familia nyingi hutoka kwa daktari na maneno mawili tu: figo zimefeli. Mengine yaliyosemwa mle ndani, namba, majina ya vipimo, tarehe ya kurudi, hubaki kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa mtu. Jioni simu zinapigwa kutoka Kisumu hadi Nairobi, shangazi analia, mjomba anamtaja mtu wa mitishamba aliyemponya jirani, na mgonjwa mwenyewe amegeukia ukuta. Wa kulia wapo, wa kuomba wapo. Wa kuandika hayupo.

Kama wewe ni dada au kaka wa mgonjwa na hujui uanzie wapi, anzia dukani. Nunua daftari la kurasa 96. Kazi hii apewe ndugu, asiachiwe mgonjwa, kwa sababu figo zikishindwa, uchafu ambao ungetoka na mkojo hubaki kwenye damu, na urea ikizidi huleta kichefuchefu, usingizi na akili nzito. Mtu wa hali hiyo huitikia kila analosema daktari, kisha asikumbuke hata moja. Usimgombeze.

Ukurasa wa kwanza andika jina, umri, kundi la damu, uzito, presha na magonjwa mengine aliyo nayo. Chini yake piga mistari ya safu: tarehe, kreatini (uchafu mwingine wa damu unaoonyesha kazi ya figo), urea, potasiamu (madini yanayogusa moyo), hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu). Jaza kila majibu yanapotoka. Picha za simu hazitoshi. Simu huibwa, huishiwa chaji, na daktari wa zamu ya usiku hawezi kukungoja upekue picha mia nne za harusi ya binamu yako.

Ghafla au polepole?

Swali la kwanza la kumuuliza daktari wengi hawaliulizi: figo hizi zimezimika ghafla, au zimekuwa zikifa polepole? Malaria kali, kuhara kupita kiasi, kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, sumu na baadhi ya dawa vinaweza kuzima figo kwa siku chache. Figo za namna hiyo mara nyingi huamka baada ya wiki kadhaa, hata kama mgonjwa alilazimika kusafishwa damu kwa mashine mara chache hapo katikati. Zilizoliwa na presha au kisukari kwa miaka hazirudi.

Daktari hutofautisha kwa kuangalia vipimo vya zamani, maana tatizo lililodumu zaidi ya miezi 3 huhesabiwa kuwa la kudumu, na kwa ultrasaundi. Figo ya mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 12 hivi. Iliyokufa polepole mara nyingi hunywea chini ya 9. Nasema mara nyingi kwa sababu figo za mwenye kisukari au virusi vya UKIMWI zinaweza kubaki na ukubwa wake huku kazi imekwisha. Hapo ndipo unapofaa wewe uliye nyumbani. Tafuta kitabu cha kliniki cha ujauzito wa mwisho wa dada yako, karatasi ya vipimo alivyofanyiwa alipoajiriwa, chochote kilichoandikwa kreatini au protini ya mkojo. Karatasi moja ya miaka 3 iliyopita inaweza kumaliza ubishi wote.

Kuhusu namba zenyewe: kreatini ya mtu mwenye afya huwa kati ya 60 na 110 hivi, kwa kipimo cha maikromoli kwa lita ambacho maabara nyingi za Kenya hutumia. Ukiona 900 usizimie. Na ikishuka hadi 600 baada ya mashine, usipige simu nyumbani kutangaza kwamba amepona. Mashine ndiyo iliyosafisha, figo ziko palepale. Namba ya kuogopwa ni potasiamu. Ikivuka 6, mwonyeshe daktari saa hiyo hiyo, usingoje siku ya kliniki. Potasiamu husimamisha moyo bila kuuma popote. Dalili, kama zipo, ni miguu kulegea na mapigo ya moyo kwenda taratibu au kurukaruka.

Mkono wa kushoto usitobolewe

Kama tatizo ni la kudumu, kuna jambo la dakika moja la kufanya kabla hata ya kikao cha pesa. Mgonjwa atahitaji fistula. Ni upasuaji mdogo mkononi, kwa kawaida mkono asiotumia kuandikia, ambapo vena huunganishwa na ateri ili vena inenepe na kuvumilia sindano kubwa za mashine. Vena iliyotobolewatobolewa kwa dripu na kutolewa damu huziba, na madhara yake hayaonekani hadi miezi kadhaa baadaye, daktari wa upasuaji anapopapasa mkono na kukosa mshipa wa kuunga. Kwa hiyo kila nesi anapokuja na sindano, sema kwa heshima: "Sista, tafadhali mkono wa kushoto tunautunza kwa fistula. Tumia nyuma ya kiganja cha kulia." Wodi ikiwa na watu wengi, mwandikie kwa kalamu ya wino juu ya ngozi.

Fistula huchukua wiki 6 hadi miezi 3 kukomaa. Katika kungoja, mgonjwa husafishwa kupitia mrija wa shingoni. Upo wa muda, ambao haufai kuzidi wiki 2 hivi, na upo unaopitishwa chini ya ngozi ya kifua, ambao hukaa miezi. Uliza ni upi amewekewa na uandike tarehe. Mrija huu unafika karibu na moyo. Uchafu ukiingia hapo umeingia kwenye damu yote. Asioge kwa shawa wala kumwagia maji kifuani: aoge kwa beseni, kuanzia kiunoni kwenda chini, na juu apanguswe kwa kitambaa. Bendeji ikilowa, arudi hospitali ikabadilishwe. Mtu yeyote asiutumie mrija huo kwa dripu ya kawaida. Mgonjwa akianza kutetemeka kwa baridi muda mfupi baada ya mashine kuwashwa, mwambie nesi papo hapo, maana mara nyingi ni mrija umeingiwa na vijidudu. Na damu ya kuotesha maabara ichukuliwe kabla ya dawa ya kwanza ya antibiotiki, la sivyo kijidudu chenyewe hakijulikani. Mrija ukichomoka nyumbani, mlaze chali, bonyeza kwa kitambaa safi bila kuachia, mkiwa njiani kwenda hospitali.

Fistula ikishawekwa, kila asubuhi aweke vidole juu yake asikie mtetemo, kama paka anayekoroma. Mtetemo ukipotea, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje siku ya mashine. Asipimwe presha mkono huo, asivae saa wala kubeba kikapu cha soko kwa mkono huo, na asiulalie.

Siku za mashine

Tangu mradi wa serikali wa kukodisha vifaa vya matibabu ulipoanza mwaka 2015, mashine za kusafisha damu zimefika hospitali nyingi za kaunti. Mgonjwa wa Siaya, Vihiga au Busia aulize kwanza kwao kabla ya kulipa nauli kwenda "Russia", kama watu wa Kisumu wanavyoiita Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Kakamega kuna kitengo, Nakuru kipo katika hospitali kuu ambayo wengi bado huiita PGH, Eldoret kipo katika Hospitali ya Moi. Kwa maoni yangu, umbali una uzito kuliko sifa ya hospitali. Safari hii ni ya mara 2 kwa wiki, bila likizo, na mgonjwa hurudi amechoka kama aliyelima ekari nzima.

Kabla ya kuanza atapimwa homa ya ini aina ya B na C, na virusi vya UKIMWI. Mwenye homa ya ini B huwekwa kwenye mashine yake peke yake, ndiyo maana kitengo hakimpokei mtu bila majibu hayo. Ulizia pia chanjo ya homa ya ini B. Kwa wagonjwa wa figo dozi huwa maradufu ya ile ya kawaida.

Safari ya kwanza kwenye mashine huwa fupi, saa 2 hivi, na familia hunung'unika kwamba wamepunjwa. Imefanywa makusudi. Damu chafu sana ikisafishwa haraka, maji hukimbilia kwenye ubongo, na mgonjwa hupata kichwa kikali, kutapika, hata kifafa. Baadaye itakuwa saa 4. Kiwango kinachopendekezwa ni mara 3 kwa wiki, lakini wengi huku kwetu hupata mara 2, Jumatatu na Alhamisi tuseme, na mwanya mrefu wa kutoka Alhamisi hadi Jumatatu ndio wenye hatari. Matanga, harusi na mikutano ya kanisa hupenda kuangukia humo. Mkoba wa siku ya mashine uwe na blanketi (baridi huwa kali mle), sweta ya vifungo, kitu kidogo cha kutafuna, na daftari. Chakula kizito katikati ya kusafishwa hushusha presha.

Siku hiyo msipange kikao cha familia jioni. Mwache alale.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo daftari linapolipa gharama yake. Kwanza pima mkojo wa saa 24. Asubuhi akikojoa mara ya kwanza, umwagwe, uandike saa. Kuanzia hapo kila mkojo uingie kwenye dumu, hadi ule wa kwanza wa asubuhi inayofuata, nao uingie. Ukipata mililita 400, ongeza 500. Jumla yake, 900, ndiyo maji yake ya siku nzima, isipokuwa daktari amempa kiwango kingine. Rudia kila mwezi, maana mkojo hupungua kadiri muda unavyokwenda.

Hizo mililita 900 zinajumlisha chai, uji, supu, soda, barafu, na maji ya kumezea dawa. Kikombe kikubwa cha uji cha huku kwetu hubeba karibu nusu lita, kwa hiyo vikombe 2 vimemaliza siku na kupita. Njia rahisi: jaza chupa maji ya kiwango chake kila asubuhi. Akinywa chai kikombe, mimina kiasi kama hicho kutoka kwenye chupa ukanyweshee maua. Chupa ikiisha, siku imeisha.

Kwa nini ukali huu wote? Kilo moja inayoongezeka kati ya siku mbili za mashine ni takriban lita moja ya maji. Kila mgonjwa ana uzito mkavu, yaani kilo zake maji ya ziada yakishatolewa, na nesi ataupanga kwa kumwangalia presha na uvimbe. Mashine haifai kutoa zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mtu wa kilo 60 kwa saa 4: 13 mara 60 mara 4, unapata 3,120. Lita 3 na kidogo. Akija na kilo 5 za ziada, kuna mawili: zivutwe zote, presha ianguke, misuli ya miguu ikaze hadi apige kelele, au lita 2 zibaki, ziende kwenye mapafu, na usiku ashindwe kulala bila kuketi. Kutoka Alhamisi hadi Jumatatu ni siku 4, hivyo robo tatu ya kilo kwa siku ndiyo mwisho wake. Nunua mizani ya bafuni, apimwe kila asubuhi akiwa na nguo nyepesi zile zile.

Kumwambia mtu asinywe maji na joto la Kisumu la Februari lilivyo ni ukatili kama hupunguzi chumvi. Chumvi ndiyo inayoleta kiu. Kiwango ni gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kisichofurika, pamoja na iliyojificha kwenye mkate, soseji na viungo vya pakiti. Kiu ikizidi, asukutue na kutema, au afyonze kipande kidogo cha barafu au limau.

Jikoni

Wanaomuumiza mgonjwa wa figo kwa chakula ni wale wanaompenda. Mama anapika uji wa wimbi ili apate nguvu, mke wa kaka analeta parachichi kwa sababu "linaongeza damu", jirani anatuma mkungu wa ndizi. Vyote vimejaa potasiamu. Wimbi ina potasiamu na fosforasi nyingi kuliko unga mweupe wa mahindi uliokobolewa. Huu ni ugonjwa wa pekee ambao ugali mweupe, wali na chapati nyeupe hushinda vyakula ambavyo kila mtu huvisifu.

Mboga za kienyeji zinahitaji maelezo yake. Potasiamu huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo sukuma wiki, managu au kunde zikikatwakatwa, zikachemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa, hupungua makali. Mrenda haumwagwi maji. Ukimwaga umemwaga mboga. Tena hupikwa kwa magadi, ambayo ni sodiamu, au kwa ile chumvi ya majivu ambayo Waluhya huiita musherekha. Majivu ya mimea yakichujwa hutoa potasiamu kaboneti. Mpishi anayeogopa chumvi ya dukani na kutumia musherekha "kwa sababu ni ya asili" amemwongezea mgonjwa kile kile kinachosimamisha moyo. Ni hivyo hivyo kwa chumvi ya dukani inayouzwa kama yenye sodiamu kidogo. Soma pakiti. Mara nyingi sodiamu iliyotolewa imejazwa kwa potasiamu kloridi.

Viazi vya Molo havijapigwa marufuku, vinahitaji kazi. Menya, kata vipande vyembamba, loweka kwenye maji mengi saa 2 au zaidi, mwaga, chemsha kwa maji mapya mengi, mwaga tena, ndipo ukaange au upike. Kuloweka peke yake hakutoshi. Kazi kubwa hufanywa na kuchemsha. Nduma vivyo hivyo. Githeri na maharagwe, kiasi kidogo, na mchuzi wake asinywe. Matunda: tufaha, peasi au kipande cha nanasi. Machungwa, maji ya pasheni na madafu, hapana.

Samaki ni habari njema, na ni hapa familia nyingi hukosea kwa upande wa pili. Mgonjwa ambaye hajaanza mashine huambiwa apunguze nyama, samaki na mayai. Akishaanza mashine agizo linageuka, maana mashine huondoa hata protini, na anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, na kipande cha ngege (tilapia) cha gramu 100 kina kama 20. Nyumbani karatasi ya zamani imebandikwa ukutani, mgonjwa anaendelea kula ugali na kabichi, anakonda, na watu wanasema mashine inammaliza. Mpe samaki wa ziwani asiyekaushwa, minofu yake, bila supu ya kichwa. Omena, wale dagaa wa ziwani, aipunguze sana: huliwa na mifupa yake, na mifupa ni fosforasi, inayoleta mwasho wa ngozi na kudhoofisha mifupa yake mwenyewe. Soda nyeusi na maziwa mengi kwenye chai vimo kwenye fungu hilo pia.

Dawa, na zile zinazoitwa dawa

Vidonge vya kalsiamu vya kuzuia fosforasi hutafunwa katikati ya chakula. Akivimeza tumbo likiwa tupu akidhani ni dawa ya mifupa, havikamati chochote. Sindano za kuongeza damu, zinazouamsha mwili utengeneze damu wenyewe, hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, zisigande na zisitikiswe. Ukizinunua Kisumu mjini na kuzipeleka Bondo kwa matatu, tia barafu kwenye chupa ya chai, funga sindano kwa gazeti ndipo uziweke humo.

Mwenye kisukari achungwe sana, kwa sababu figo ndizo husaidia kuondoa insulini mwilini. Zikifa, dozi ya zamani inaweza kumzimisha usiku kwa sukari kushuka. Anayemeza dawa za virusi vya UKIMWI apeleke majibu ya figo kwenye kliniki yake, maana tenofovir iliyomo kwenye kidonge kinachotumiwa na wengi huchujwa na figo na inaweza kuhitaji kubadilishwa. Dawa za maumivu: parasetamoli pekee, wala si diclofenac na ibuprofen za kununua kwenye kioski. Mitishamba, hata ya mzee anayeheshimika, iachwe. Hakuna ajuaye ina potasiamu kiasi gani, na figo za kuitoa hazipo.

Na mhubiri akisema amepona, aache mashine? Msibishane juu ya imani. Mwambieni mama, mbele ya mhubiri ikiwezekana: "Mama, tunaomba na tunaenda mashine. Mungu akiponya, maabara itaonyesha, na daktari mwenyewe ndiye atamtoa." Mtu asiyetoa mkojo akiacha mashine, kwa kawaida huondoka ndani ya wiki moja au mbili. Hilo lazima mtu mmoja katika familia alijue na aliseme waziwazi.

Pesa, kwa ufupi

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na malipo ya kusafishwa damu yakapanda kutoka shilingi 9,500 hadi 10,650 kwa kila safari. Mara 2 kwa wiki ni safari 104 kwa mwaka, yaani shilingi 1,107,600. Kukosa kulipa mchango wa SHA ndilo kosa ghali kuliko yote. Bima yako haimfuniki ndugu yako. Humfunika mchangiaji, mwenzi wake na watoto. Kaka asiye na ajira ya mshahara asajiliwe mwenyewe na alipiwe mwaka mzima. Hili ndilo jambo la kwanza la kuchangiwa, kabla ya mbuzi na kabla ya "kumwona mgonjwa".

Nauli haina bima. Safari 104, watu 2, kwenda na kurudi, ni nauli 416. Harambee ya siku moja hukusanya pesa nyingi za miezi michache kisha simu zinanyamaza. Afadhali ndugu sita wanaotuma kiasi kidogo kila tarehe 5, bila kukumbushwa, kwa M-Pesa ya mtu mmoja anayeonyesha hesabu. Kama mgonjwa ameajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na 7 kwa nusu malipo kila mwaka. Hazitoshi siku za mashine, hivyo barua ya daktari ipelekwe mapema na zamu zipangwe upya.

Swali la kutoa figo

Litakuja. Wakati mwingine linaletwa na mgonjwa, mara nyingi na shangazi, mbele ya watu, huku macho yote yakikutazama wewe uliye mzima. Usijibu hapo.

Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa na mgonjwa kwa alama za kinga (ambazo mwili hutumia kutambua kilicho chake na kilicho kigeni), 2 kati ya 4 ya kulingana nusu, na 1 kati ya 4 ya kutolingana kabisa. Ndugu wa mama tofauti, na boma za namna hiyo ni nyingi huku, ni nadra sana kulingana kikamilifu, ingawa nusu inawezekana. Kundi la damu: O humpa yeyote, A humpa A na AB, B humpa B na AB, AB humpa AB tu. Alama ya chanya au hasi haijalishi kwa figo. Kwa sababu ya zile alama za kinga, mgonjwa anayetarajia figo asiongezwe damu ovyo. Kila chupa inaweza kumtengenezea kinga ya kuikataa figo ya ndugu yake. Uliza kama sindano za kuongeza damu zinaweza kutosha.

Vipimo huanza na vya bei ndogo: presha, sukari, mkojo, kreatini. Ndugu wa mgonjwa hupaswa kuvipima hata kama hatoi figo, kwa kuwa presha na baadhi ya magonjwa ya figo hutembea katika familia. Wengi huishia hapo, na ni heri kujua. Vipimo vya kulinganisha vinaweza pia kufunua kwamba baba si yule anayedhaniwa; ulizeni mapema majibu hayo yatatolewaje. Hospitali ya Moi, Eldoret, hupandikiza figo, hivyo si lazima safari iishie Nairobi. Kununua au kuuza figo ni kosa la jinai Kenya.

Kila mtoaji ana haki ya kuzungumza na daktari peke yake, bila kaka, bila mama. Akisema humo hataki, daktari anaweza kuiambia familia "hafai" na asieleze zaidi. Mwanamke anayepanga kuzaa bado aambiwe kwamba hatari ya presha ya ujauzito huongezeka kwa waliotoa figo. Figo inayobaki hujinenepesha na kufikia takriban asilimia 70 ya kazi ya zote mbili. Wiki 4 hadi 6 mtoaji asinyanyue ndoo ya maji wala gunia, na jembe lingoje zaidi ya hapo. Anayepokea atameza dawa za kutuliza kinga asubuhi na jioni, saa zile zile, maisha yake yote, na nazo ziwekwe kwenye hesabu kabla ya upasuaji.

Mtoaji naye anahitaji ukurasa wake: presha, kreatini na protini ya mkojo miezi 6 baada ya upasuaji, kisha kila mwaka. Daftari ni lile lile, geuza tu upande wa nyuma.